Ini Ndilo Linaloamua: Kweli na Si Kweli Kuhusu Vitamini A

Soko la Nyangwe lilikuwa na sifa zake kabla Mzungu yeyote hajalitia machoni. David Livingstone alipofika hapo, ukingoni mwa Lualaba, mwishoni mwa Machi 1871, aliwakuta akina mama wakiingia kwa mamia, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu, na mizigo ya mawese, samaki, kuku, mihogo, chumvi, pilipili na vyungu. Tarehe 15 Julai mwaka huohuo aliwaona watu wa misafara iliyotoka pwani wakilimiminia risasi soko hilohilo. Habari hiyo imeandikwa sana. Kisichotajwa sana ni jambo aliloliandika miaka 14 nyuma, katika kitabu chake cha 1857 cha safari za kusini mwa Afrika: kwamba watu waliolazimika kuishi kwa kahawa, muhogo na unga walipata vidonda vya macho, kama wanyama waliolishwa wanga mtupu katika majaribio ya wataalamu wa Ulaya. Aliuona ugonjwa, hakujua kilichokosekana. Ilipofika 1913, Elmer McCollum na Marguerite Davis huko Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba panya waliodumaa kwa kulishwa mafuta ya nguruwe au ya zeituni walianza tena kukua wakipewa kilichomo kwenye siagi au kiini cha yai. Kitu hicho ndicho baadaye kikaitwa vitamini A.

Leo jina hilo si geni katika vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, Kongo. Na kwa kuwa limeenea, maneno yameenea nalo. Mengine ni ya kweli, mengine ni uzushi mtupu, na yaliyo mengi yana chembe ya kweli iliyowekwa mahali pasipo pake. Ukiyachambua utaona kwamba karibu yote yanateleza kwenye jambo moja: yanatazama mdomo na jicho, ilhali mambo yanaamuliwa kwenye ini.

“Vitamini A hukaa machoni.” SI KWELI

Jicho ni mtumiaji tu, tena wa kiasi kidogo sana. Ndani ya jicho, vitamini A hushikana na protini na kuwa kitu kinachonasa mwanga. Mwanga ukigonga, umbo lake hubadilika, na hapo ndipo kuona kunapoanzia. Ikipungua, la kwanza kushindwa ni kuona gizani, ndiyo maana mtoto anaanza kujikwaa jua likizama. Lakini ukimchukua mtu aliyelishwa vizuri, sehemu 80 hadi 90 kwa 100 za vitamini A yote aliyonayo zimo ndani ya ini. Mbuzi ni hivyohivyo, na kuku, na panya.

Tena si ini zima. Zile seli kubwa zinazofanya kazi nyingi za ini hazina hifadhi ya maana. Hifadhi imo ndani ya seli ndogo zenye umbo la nyota, zilizobanana kati ya seli kubwa na vijia vya damu, ambazo hata sehemu moja ya kumi ya seli zote za ini hazifikii. Kila nyota imejaa matone ya mafuta, na ndani ya matone hayo vitamini A imefungwa pamoja na asidi ya mafuta, mara nyingi ileile iliyojaa kwenye mawese. Ukimulika kipande cha ini kwa mwanga wa urujuanimno, matone hayo hung’aa rangi ya kijani-buluu, kisha hufifia baada ya muda mfupi.

Seli hizo zina kisa chao. Mtaalamu wa Kijerumani Karl von Kupffer alizitangaza mwaka 1876, mwaka uleule Henry Stanley na Tippu Tip walipopita Nyangwe kuelekea chini ya Lualaba. Baadaye Kupffer mwenyewe akazichanganya na seli nyingine za ini, zile zinazomeza uchafu wa damu, na kosa hilo likadumu vitabuni kwa miongo mingi. Ni Mjapani Kenjiro Wake aliyelinyoosha jambo mwaka 1971: nyota za Kupffer ndizo hifadhi ya vitamini A, na zile zinazomeza uchafu ni kitu kingine kabisa. Karibu miaka 100 wanasayansi wenyewe waliishi na uzushi wao. Basi tusiwacheke sana wauza mboga.

Ningependa pia kuizika hapa ile hadithi ya karoti inayompa mtu macho ya paka. Ilipata nguvu Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilipowaambia wananchi kwamba marubani wake wanaangusha ndege za adui usiku kwa sababu wanakula karoti, huku rada ikifanya kazi kimyakimya. Aliyepungukiwa akipata vitamini A, macho yake hurudi sawa. Asiyepungukiwa haongezewi kitu.

“Ukikosa mboga wiki mbili, macho yanaanza kuharibika.” SI KWELI kwa mtu mzima

Kati ya 1942 na 1944, mjini Sheffield, Uingereza, vijana waliokataa kwenda vitani kwa sababu za imani walijitolea kula chakula kisicho na vitamini A wala karotini. Waliosimamia kazi hiyo ni pamoja na Hans Krebs, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine. Walionyimwa walikuwa 16. Baada ya miezi mingi, walioonyesha dalili zisizo na shaka walikuwa 3 tu. Waliobaki walikuwa wakila akiba ya ini.

Ng’ombe aliyeshiba majani mabichi naye huweza kuvuka miezi kadhaa ya kiangazi akila majani makavu. Ini ni ghala: mavuno yanaingia kwa msimu, kinachotoka kinatoka kwa kipimo cha kila siku. Ila mtoto mchanga huzaliwa na ghala karibu tupu, kwa sababu kondo la nyuma halipitishi ila kiasi kidogo, hata kama mama ameshiba. Kwake yeye miezi michache ni mingi.

“Kipimo cha damu kinaonyesha akiba iliyobaki.” SI KWELI

Hili huwapoteza hata wasomi. Mwili hauachi vitamini A ielee ovyo kwenye damu, kwa sababu ikiwa huru huweza kuchubua utando wa seli. Ini huitoa ikiwa imepakatwa na protini mbebaji, ambayo nayo hushikana na protini ya pili ili figo zisiichuje na kuimwaga kwenye mkojo. Seli zinazoihitaji, za jicho hasa, zina mlango maalumu wa kuipokea. Mlango huo ulitambuliwa mwaka 2007 na unaitwa STRA6. Kwa hiyo kiwango cha damu kinabaki karibu palepale iwe ini limejaa au limebaki robo. Kinaanza kuporomoka akiba ikiwa karibu kwisha, chini ya mikrogramu 20 hivi kwa kila gramu ya ini. Ukisubiri damu ikuambie, umechelewa.

Kuna upande wa pili, na kwa huku kwetu ni mzito zaidi. Damu inaweza kuonyesha upungufu hali ini lina akiba. Mtoto mwenye bwaki hana protini ya kutosha kutengenezea mbebaji. Vitamini imo ndani, lakini hakuna cha kuibeba. Watoto wa namna hiyo wakipewa chakula chenye protini, vitamini A kwenye damu yao huweza kupanda kabla hawajapewa hata tone la vitamini yenyewe. Upungufu wa zinki nao huzuia vivyo hivyo. Homa ya malaria, au maambukizo yoyote makali, huliamuru ini lipunguze kumtoa mbebaji, na kipimo cha damu kinashuka kwa siku kadhaa kisha kinarudi. Mtu akipima watoto wa Maniema msimu wa malaria bila kulijua hilo, atarudi mjini na takwimu za kutisha ambazo nusu yake ni homa.

“Ukizidisha mawese mekundu utajaza sumu ya vitamini A mwilini.” SI KWELI

Mawese hayana vitamini A. Yana karotini, rangi nyekundu-chungwa ambayo mwili wa mnyama huikata na kuigeuza. Katika kilo moja ya mawese mabichi mna karotini za miligramu 500 hadi 700, na hakuna mafuta mengine ya kupikia ya kawaida yanayoyakaribia. Thomas Moore wa Cambridge ndiye aliyeonyesha, mwaka 1930, kwamba panya waliolishwa karotini hujaza ini lao vitamini A isiyo na rangi ile ya mwanzo. Rangi inaingia, rangi inapotea, akiba inabaki.

Sasa, kwa nini anayekula mawese mchana na usiku hasumukiki? Kwa sababu utumbo una kizuizi. Kimeng’enya kinachoikata karotini kipo kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Mwili ukiwa na vitamini A ya kutosha, sehemu yake hugeuka kuwa asidi ya retinoiki, na asidi hiyo huamsha jini liitwalo ISX. Kazi ya ISX ni kufunga: hupunguza kimeng’enya na hupunguza pia mlango wa kuipitishia karotini. Akiba ikishuka, ISX hulala, mlango ukafunguliwa tena. Utaratibu huu ulielezwa kwa ukamilifu mwaka 2010, na ndio unaotenganisha chakula cha mimea na chakula cha maini. Vitamini A iliyokwisha kutengenezwa, ya kwenye maini au kidonge, haikutani na kizuizi hicho, inapita.

Kitakachompata mlaji wa mawese kupita kiasi ni viganja na nyayo kugeuka rangi ya chungwa. Wengine hudhani ni ugonjwa wa ini. Tazama weupe wa jicho: kwa ugonjwa wa ini hugeuka manjano, kwa karotini hubaki mweupe. Akipunguza kula, rangi hutoweka yenyewe.

Kwa hesabu ya tahadhari zaidi ninayoijua, ile inayodai mikrogramu 12 za karotini kupata 1 ya vitamini A, kijiko kimoja cha mezani cha mawese mabichi kinamtosha mtoto wa miaka miwili kwa siku nzima. Na karotini iliyoyeyuka ndani ya mafuta hufyonzwa vizuri kuliko ile ya kwenye majani, kwa hiyo huenda kijiko hicho kinazidi.

Ila sharti yawe mekundu. Desturi ya kuyaunguza mawese sufuriani hadi yawe meupe, ili chakula kisiwe na rangi wala harufu, huiua karotini karibu yote. Mafuta yanapopita nyuzi 200 haibaki. Kinachobaki ni mafuta ya kukaangia kama mengine ya dukani. Mawese yanayopangwa juani kwenye chupa nyeupe kutwa nzima nayo hupoteza kidogo kidogo, kwa kuwa mwanga huila karotini. Muuzaji anayeyafunika bidoni zake kwa gunia anafanya jambo la maana, ajue asijue.

“Sombe ikitwangwa na kupikwa sana inakufa yote.” KWELI NUSU

Vitamini C inakufa, hilo halina ubishi. Karotini ni sugu zaidi. Majani mabichi yanaibana ndani ya kuta za seli, na kinu na moto ndivyo vinavyozibomoa kuta hizo. Kinachobaki baada ya kupika hupokewa vizuri zaidi na utumbo, hasa mawese yakitiwa chunguni, maana pasipo mafuta karotini haina usafiri: hupita utumboni na kutoka. Utafiti uliofanywa Indonesia na kuchapishwa 1995 uliwashangaza wengi kwa kuonyesha kwamba majani ya kijani peke yake hayakuinua sana vitamini A ya akina mama wanaonyonyesha. Wapishi wa Maniema hawali sombe peke yake, na lengalenga pia huipikia mafuta. Na tusisahau kwamba sombe isiyopikwa ina sumu ya sianidi, kwa hiyo shauri la kula mbichi halipo.

Minyoo ya tumbo nayo hula njama hapo, hupunguza ufyonzaji. Ndiyo sababu dawa ya minyoo na kapsuli ya vitamini A hutolewa siku moja.

“Mafuta meupe, maziwa meupe: hapo hapana vitamini A.” SI KWELI

Rangi ni shahidi wa uongo. Ng’ombe huruhusu sehemu ya karotini ipite utumboni bila kukatwa, ikaishia kwenye mafuta yake na siagi yake, vyote vikawa vya manjano. Mbuzi hukata karibu yote palepale, kwa hiyo mafuta yake ni meupe na maziwa yake ni meupe, na vitamini A imo, imekwisha kutengenezwa. Huku Maniema, ambako mbung’o wamewafanya ng’ombe kuwa wachache, mbuzi ndiye mwenye kujulikana, na maini yake ni miongoni mwa vyakula vyenye vitamini A nyingi kuliko chochote kinachouzwa sokoni.

Kiini cha yai ni hivyohivyo. Ile njano kali ya yai la kuku wa kienyeji inatokana na rangi za mahindi na majani ambazo, nyingi zake, haziwezi kugeuzwa kuwa vitamini A. Yai la kiini kilichofifia linaweza kuwa na vitamini sawa au zaidi, kutegemea kuku amelishwa nini. Tulilipenda lile la kienyeji kwa ladha. Tuendelee kulipenda kwa ladha.

Paka ndiye asiyejimudu kabisa. Hawezi kuigeuza karotini kiasi cha kumfaa. Hata umjazie mawese, atapofuka. Lazima apate panya au samaki au ini, mnyama mwingine amfanyie kazi ya kugeuza. Mbwa anaweza kugeuza, na ana tabia nyingine isiyo ya kawaida: damu yake hubeba vitamini A nyingi bila yule mbebaji niliyemtaja, na ziada huitoa kwenye mkojo, jambo ambalo mwili wako wewe hauliwezi ukiwa mzima.

“Maini ya mnyama yeyote ni salama, mradi yaive.” SI KWELI

Kuiva hakusaidii, kwa sababu moto wa kawaida wa jikoni hauiondoi vitamini A. Na si kila mnyama hulimbikiza kiasi kimoja. Mwenye kula majani huweka kiasi. Mwenye kula wanyama wengine hurithi akiba ya kila ini alilolimeza. Dubu mweupe wa Aktiki, anayekula sili, sili aliyekula samaki, amefika mwisho wa mlolongo huo. Mwaka 1943 Rodahl na Moore walipima ini lake na kukuta limejaa kiasi cha kumdhuru mtu kwa mlo mmoja. Mabaharia wa Kiholanzi walionaswa barafuni pamoja na Willem Barentsz walilijua hilo kwa ngozi zao mwaka 1597: walipika ini la dubu, wakala, wakaugua, na watatu wakachunika mwili.

Nasi tunaye wetu, tena wa zamani mno. Huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, miaka ya 1970, kikosi cha Kamoya Kimeu kilipata mifupa ya mwanamke wa jamii ya Homo erectus aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Namba yake ya makumbusho ni KNM-ER 1808. Mifupa ya miguu na mikono imefunikwa na tabaka la mfupa usio wa kawaida, uliojitunga haraka haraka. Mwaka 1982 Alan Walker, Zimmerman na Richard Leakey walipendekeza kwamba alikula maini mengi ya wanyama wala nyama hadi vitamini A ikamdhuru. Wengine wamepinga, mmoja amesema ni ugonjwa wa buba, mwingine ametaja ulaji wa majana ya nyuki. Mimi naona hoja ya maini ina nguvu, lakini kesi haijafungwa.

Kwa maini ya mbuzi au kuku, mara moja moja kwa wiki, mtu mzima hana la kuogopa. Mjamzito ana sababu ya kutokula maini kila siku. Vitamini A iliyokwisha kutengenezwa ikipita mikrogramu 3,000 kwa siku, siku hadi siku, hasa miezi ya mwanzo, huweza kuharibu maumbile ya mtoto tumboni, maana asidi ya retinoiki ndiyo inayoelekeza viungo vijengeke wapi. Gramu 100 za maini zinaweza kuuvuka mpaka huo peke yake. Mawese na sombe havimo kwenye onyo hili.

“Maziwa ya kwanza ya manjano ni machafu, yakamuliwe yamwagwe.” SI KWELI

Bibi akimwambia mkamwana wake hivyo, anasema kwa mapenzi, na anakosea. Umanjano ule ni karotini, na pamoja nayo imo vitamini A nyingi kuliko itakayokuwamo kwenye maziwa ya wiki zitakazofuata. Ndiyo shehena ya kwanza ya ini lililozaliwa tupu. Ndama aliyenyimwa maziwa ya kwanza hupata shida hiyohiyo.

“Lutuku haligusi vitamini.” SI KWELI

Pombe kali kama lutuku huikwangua akiba ya ini hata kwa mtu anayekula vizuri. Zaidi ya hapo, zile seli za nyota zikiumizwa na pombe, au na homa ya ini ya virusi, au na mayai ya kichocho cha tumbo, hupoteza matone yao ya vitamini A, hubadilika umbo, na kuanza kufuma nyuzi za kovu. Ini gumu la mlevi limefumwa na waweka akiba wa jana.

“Kapsuli moja kwa miezi sita ni mchezo wa kuigiza.” SI KWELI, ila si dawa ya kudumu

Kapsuli nyekundu, ya watoto wa mwaka 1 hadi miaka 5, ina vipimo 200,000, yaani miligramu 60 za vitamini A. Ya buluu, ya miezi 6 hadi 11, ni nusu yake. Mtoto mdogo anahitaji mikrogramu 300 kwa siku. Gawanya: kapsuli nyekundu ni mahitaji ya siku 200. Bila shaka si yote huhifadhiwa. Sehemu kubwa hupotea, zaidi kama ana kuhara. Lakini inayofika kwenye nyota za ini hutoka taratibu, na hiyo ndiyo maana ya kuitoa kila miezi 4 hadi 6. Vitamini C huwezi kuifanyia hivyo, kwa kuwa haina pa kukaa. Mtoto aliyepewa akatapika kidogo au kuumwa kichwa siku hiyohiyo hajalishwa sumu, hupita. Kilicho hatari ni kumpa mara mbili mfululizo kwa sababu timu ya pili imepita kijijini na kadi imepotea, mradi tu hana surua, maana hapo sheria ni nyingine.

Shamba hubaki shamba. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vilivyomfanya Mganda Robert Mwanga na wenzake watatu wapewe Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, na mihogo ya njano inayosambazwa Kongo, hupita kwenye kizuizi kilekile cha utumbo nilichokieleza, kwa hiyo hakuna wa kuzidisha.

“Surua huvunja macho.” KWELI

Hili wazee walilijua kabla ya vipimo. Virusi vya surua hushambulia ngozi laini za macho, mapafu na utumbo, zote zikihitaji vitamini A ili zijijenge upya, wakati mtoto hali, anahara, na figo zinamwaga vitamini kwenye mkojo. Ghala lililokuwa nusu linakwisha ndani ya siku chache. Konea ikikauka, hutoboka.

Ushahidi mmoja mkubwa ulitoka Tanzania, Hospitali ya Mvumi karibu na Dodoma, ukachapishwa 1987 na Barclay, Foster na Sommer. Watoto 180 wenye surua waligawanywa: kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa 6, kati ya 92 wasiopewa walikufa 12, na tofauti ilikuwa kali zaidi kwa wenye umri chini ya miaka 2. Mwaka huohuo WHO na UNICEF zikatoa tamko la pamoja la kuitumia. Leo kanuni ni dozi siku ya kwanza na dozi siku ya pili, hata kama mtoto alipata kapsuli ya kampeni mwezi uliopita. Utafiti mwingine wa Tanzania wa wakati huo ulizitaja dawa za kienyeji zinazotiwa machoni kuwa miongoni mwa vyanzo vya upofu wa watoto. Hapo wazee hawakuwa sahihi.

Kasongo yenyewe imo katika vitabu vya surua. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha ripoti ya Timu ya Mradi wa Kasongo, ulioungwa mkono na taasisi ya tiba za nchi za joto ya Antwerp, kuhusu watoto wa miezi 7 hadi 35. Waliochanjwa walinusurika zaidi, lakini kadiri muda ulivyopita pengo lilipungua, na timu ikauliza kama anayeokolewa na surua hafi baadaye kwa kitu kingine. Tafiti za Senegal, Guinea-Bissau na Bangladesh zilijibu kinyume: chanjo huokoa wengi kuliko surua ilivyokuwa iue. Swali la Kasongo halikuwa la kipuuzi hata hivyo. Mtoto anayetoka kwenye surua na ini tupu hajapona, amebakia mlangoni akingoja kuhara au nimonia. Na surua haijawa historia: katika mlipuko ulioanza Kongo mwaka 2019, hadi Januari 2020 ilikuwa imeshaua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo.

“Vitamini A ni moja duniani kote.” SI KWELI

Samaki wengi wa maji baridi wana ya aina ya pili, A2, ambayo hutofautiana na ya kwanza kwa kiungo kimoja tu cha kemia. Katika maji yenye tope kama ya Lualaba, mwanga unaofika chini umeelemea upande wa wekundu, na A2 huliwezesha jicho kuuona wekundu huo. Kimeng’enya kinachoigeuza ya kwanza kuwa ya pili kilitambuliwa mwaka 2015. Kwa mwili wa mtu A2 hufanya kazi pia, ila kwa nguvu pungufu, chini ya nusu. Kama kwa mbuzi, akiba ya samaki imo kwenye ini, na nyingine machoni. Kambale aliyetolewa matumbo na kukaushwa kwa moshi anampa mlaji protini nzuri na vitamini A kidogo mno. Samaki wadogo wanaoliwa wazima, na vichwa vyao na matumbo yao, humpa vyote viwili.